Mwaka wa Mstari Sebuleni

Siku tuliyomaliza matanga ya shangazi yangu Konsoleta, pale Muyinga, ile sherehe ambayo Warundi tunaiita kuganduka, watu walikuwa wamependeza, kreti za Fanta na za bia zimepangwa, na kijana wa kipaza sauti anaita mmoja mmoja kuja kumsifia marehemu. Akasimama Mzee Zakaria. Hakuna aliyemwita. Alikuja na fimbo na koti lake la kijivu, mashavu yameingia ndani, akachukua kipaza sauti kama mtu anayechukua kitu chake. "Mimi nimekuja kuhakikisha," alisema. "Huyu mama aliniambia mbele ya majaji kwamba mimi nitatangulia. Nimepita kaburini, nimeangalia, nimeridhika. Asanteni." Akakaa. Kijana akaweka muziki haraka, wajomba wakaanza kuulizana nani amemruhusu, na mimi nikajifunika kitenge usoni. Watu walidhani nalia. Nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinaniuma, halafu kweli nikalia, kwa sababu mtu pekee ambaye angejibu vizuri yale maneno ndiye tuliyekuwa tumemzika.

Ya nyuma siyaelezi. Nani alizaa nani, nani alikimbilia Tanzania lini, kila familia hapa iko na hadithi hiyo na yetu haizidi za wengine. Naanzia mlangoni. Nilikuwa na miaka ishirini, kidato cha pili nimekiacha katikati kule kambini, akili yangu yote iko kwenye kusuka nywele, na tulikuwa tumeshuka kwenye lori lililotutoa mpakani Kobero, magodoro kichwani, tumejaa vumbi kama magunia ya unga. Shangazi hakwenda kwa jirani kuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba, akagonga, na mlango ukafunguliwa na mwanamke mnene mwenye mwiko mkononi. Huyo ndiye Mama Beya, mke wa Zakaria. Shangazi akamwambia, "Hodi kwangu." Mama Beya akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, akaangalia magodoro. "Kwako wapi?" "Hapa." "Hapa iko kwangu, mama. Labda umepotea njia." Shangazi akaweka godoro chini, akalikalia, akasema hajapotea, amechelewa tu. Alitoka nyumba ile ya baba yake akiwa msichana wa kuchota maji. Zakaria aliinunua kwa mtu aliyesema ni yake, akazaa humo watoto, akawaoza. Yeye alikuwa na karatasi. Sisi tulikuwa na wazee watatu wa jirani waliokumbuka babu yangu akipanda ile miti ya uani. Mpaka leo sijui kati ya karatasi na wazee watatu kipi kizito, ila najua vyote viwili vilikuwa vya kweli, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Wakaja watu wa serikali wanaoshughulika na mashamba ya waliorudi. Walikuwa na sheria mpya mkononi: kama mwenyewe wa zamani amerudi, na aliyepo alinunua bila kujua, basi wagawane, nusu kwa nusu, waishi kwa amani. Kwenye shamba hiyo ni rahisi, unapiga kamba. Kwenye nyumba ya vyumba vitano, jikoni moja na choo kimoja, ndugu yangu, hiyo ni hesabu ya kichaa. Vyumba viwili wakatupa sisi, viwili wakawapa wao, na cha tano, sebule, wakakikata katikati kwa mstari wa chokaa. Yule kijana aliyemwaga chokaa alirudi nyuma kinyumenyume, taratibu, akapita chini ya meza, akapita jikoni, na pale jikoni mstari wake ukapita juu ya jiko. Mafiga matatu: moja likabaki kwetu, mawili yakabaki kwao. Mkubwa wao akaandika, akafunga kalamu, akatupa mkono. "Nyinyi ni wamiliki wa pamoja sasa," alisema. "Muheshimiane." Mama Beya akaokota mafiga yake mawili, moja mkono huu moja mkono huu, akaenda nayo chumbani kwake na kufunga mlango.

Tulipikia tofali miezi mingi. Figa letu moja na matofali mawili yasiyolingana, sufuria imelala upande, maharage yanaiva upande mmoja na upande mwingine yanabaki mawe. Shangazi alinilaumu mimi, alisema mtoto aliyesoma anashindwa hata kunyoosha sufuria. Mama Beya alikuwa anapika baada yetu au kabla yetu, kamwe si pamoja, na akimaliza anazoa mafiga yake yakiwa bado ya moto, ameyafunga kwa gunia, anapita nayo mbele yetu kama mtu amebeba mapacha. Nyama wakipata, walikuwa wanafungua mlango ili harufu ije upande wetu. Sisi tukipata ndagala, wale dagaa wa ziwani, shangazi alikuwa anazikaanga taratibu sana, moto mdogo, kwa makusudi, kwa sababu Zakaria alikuwa hawezi harufu ya ndagala. Sebuleni dirisha lilikuwa kwao na mlango ulikuwa kwetu. Kwa hiyo wao walikuwa na mwanga, sisi tulikuwa na ruhusa. Kila Zakaria akitaka kutoka, ilibidi akanyage kwetu, na shangazi alikuwa anaweka kiti pale na kukaa akichambua mchele. "Unapita?" "Napita." "Pita. Lakini usiburuze miguu, sakafu yangu itaisha." "Sakafu nilitia mimi hii sementi, Mutanzania we." "Na udongo ulioko chini ya sementi ulitia nani?" Kila asubuhi. Mi nilikuwa nayajua maneno hayo kama sala, nilikuwa nayasema nao kimoyomoyo huku napiga mswaki.

Watu wananiuliza kama tuliogopana. Hapana, tulichukiana, na chuki ya kuishi nyumba moja haina muda wa kuogopa, iko na kazi nyingi. Unajua mwenzako anakohoa saa ngapi, anapenda chumvi kiasi gani, mtoto gani hajapiga simu. Niliujua mgongo wa Mama Beya kuliko nilivyoujua wa mama yangu. Siku moja tu alisema na mimi kama mtu na mtu, tuko uani tunaanika nguo, kamba moja, nguo zao upande wao. "Mi sina shida na we, Jene," akaniambia, bila kugeuka. "We ni mtoto. Lakini sauti ya shangazi yako inaingia mpaka kwenye sahani yangu." Nikamwambia hata kwenye yangu inaingia. Akacheka kidogo, akakumbuka, akaacha kucheka, akasogeza nguo zake mbali na zangu.

Wabashingantahe, wale wazee wanaoamua kesi kwenye vilima vyetu, yaani vijiji, walijaribu. Walikuja na chungu cha pombe ya ndizi, wakakiweka sebuleni juu ya mstari kabisa, na mirija miwili. Desturi ni kwamba waliogombana wakinywa chungu kimoja, ugomvi umekwisha, na ukiurudisha aibu ni yako mbele ya kilima chote. Mi hayo nilikuwa sijui. Kule nilikokulia pombe ikija ni pombe. Wazee walizungumza, wakazungumza, jua likasogea, shangazi na Zakaria wanaangalia ukuta, povu la pombe linalala, na mimi na kiu yangu ya kuchambua maharage nikaona watu hawa wamesahau kinywaji. Nikaenda kuleta kikombe. Nikainama nichote. Shangazi alinipiga mkono, kikombe kikaruka mpaka upande wao, na Zakaria akakiweka mguu juu. "Kiko kwangu," alisema. Wazee walibeba chungu chao wakaenda kukimalizia kwa jirani. Kikombe hatukukiona tena.

Ndipo shangazi akapata avoka, wakili wa kututetea kortini. Alikuwa kijana wa Gitega, suti ya rangi ya kahawa, tukimwita Metre kama wote wanavyoitwa. Alitusikiliza ofisini kwake, akatuuliza swali moja: "Mama, unataka nusu kubwa, au unataka hiyo sheria ya nusu iondoke?" Shangazi akauliza kama sheria inaweza kuondoka. Metre akaeleza kwamba juu ya sheria zote kuna katiba, ndiyo sheria mama, na katiba inasema mtu hanyang'anywi mali yake bila kulipwa haki yake. Sasa hii ya kukulazimisha uimiliki nyumba pamoja na mtu usiyemtaka, bila ridhaa yako na bila fidia, ni kukunyang'anya kwa adabu. "Kwa hiyo hiyo sheria mama ipo?" "Ipo." "Na siku zote hizi alikuwa wapi huyo mama, watoto wake wanatuchorea chokaa ndani?" Metre akacheka, akaanza kueleza kwa Kifaransa. Shangazi akanigeukia mimi, msomi wa familia. Kifaransa changu kilikuwa bonjour, merci, na neno moja la matusi. Nikamwambia anasema mambo yanaenda vizuri. Mwaka mzima, shangazi akiniuliza Metre amesema nini, mambo yalikuwa yanaenda vizuri.

Tukafika Gitega siku ya kesi na kukuta nini? Zakaria yuko pale, na avoka wake, na yeye anaishitaki sheria ileile. Yeye alisema amenunua nyumba nzima, kwa nia safi, na serikali imemkata nusu bila kumlipa. Katiba ileile, ukurasa uleule. Kumbe maadui wawili tulikuwa upande mmoja, tumekalia benchi moja, Mama Beya na mimi tukiwa katikati kama mito ya kuzuia mafahali wasigusane. Upande mwingine alikaa avoka wa serikali, mtu mpole mwenye miwani, akasema sheria hii ilitungwa kwa nia njema, nchi imetoka mbali, watu wajifunze kuishi pamoja, na kugawana ndiyo njia ya amani. Shangazi akasimama bila kuitwa. "Mheshimiwa, huyo bwana anasema amani. Aje kwetu. Huyu mwanamke hapa analala na mafiga." Ukumbi ukacheka. Mama Beya naye akasimama. "Ni yangu! Nilipewa na sheria!" "Basi mwone, mheshimiwa, hiyo ndiyo amani yenyewe." Zakaria akamvuta mkewe kwenye kitenge akae, na akamwambia shangazi, wala hakupunguza sauti, "Nitakaa nyumba ile mpaka wakutoe wewe kwa jeneza." "Utatangulia," shangazi akasema. "Nakuahidi mbele ya majaji, mzee, utatangulia." Jaji akagonga meza, akasema swali hili la katiba linapelekwa kwa majaji wanaohusika nalo, na mpaka wajibu, kila mtu abaki kwenye nusu yake.

Kila tulipoitwa Gitega tulilala Mushasha, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa anapangisha vyumba karibu na shule za mapadri, kwa sababu palikuwa rahisi na pasafi. Kina Zakaria nao waliona rahisi ileile na usafi uleule. Kwa hiyo tulisafiri kutoka nyumba moja Muyinga, kilomita zote hizo, kwenda kuwa majirani wa ukuta Gitega. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao. Mchana mmoja wa mvua, shangazi amejilaza, mi nasuka nywele zangu mwenyewe kwa kupapasa, nikamsikia Mama Beya upande wa pili. "Zakaria, tukishindwa?" "Hatushindwi." "Nakuuliza tukishindwa. Kule kwa kaka yako hawatutaki, kwetu walishagawana. Tutalala wapi? We niambie chumba tu, nikijue, nitulie." Nilisikia kiti cha Zakaria kinalia, halafu nikasikia kilio cha Mama Beya, cha mtu mkubwa anayejizuia, kile kinachotoka kama kwikwi. Nikamwangalia shangazi. Macho yake yalikuwa wazi, anaangalia dari. Nikadhani atasema neno la huruma. Akageukia ukuta na kusema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Alie polepole, kuna watu wamelala." Kule kukanyamaza papo hapo. Nimefikiri sana kuhusu mchana ule. Nilipokuwa kijana nilisema shangazi yangu ana roho ngumu. Sasa nimefika umri wa kuitwa mama na watu wenye mvi, naona hakuwa na njia nyingine. Angeruhusu kile kilio kimwingie, angebaki na mstari wa chokaa mpaka kufa, na yeye pia hakuwa na chumba kingine duniani. Lakini nasema hivi nikiwa nimeshiba, kwenye nyumba yangu, hakuna mtu anayekohoa upande wa pili.

Majibu yalikuja mvua za mwanzo zimekwishaanza. Tukaitwa, tukakaa benchi letu lilelile, na jaji akasoma. Majaji wa katiba walikuwa wamesema kile kifungu hakiendani na katiba: hakuna wa kuwafunga watu wawili kwenye umiliki mmoja bila ridhaa yao na bila fidia. Kifungu kimeondoka. Zakaria akampiga avoka wake begani, shangazi akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi, na kwa dakika moja, naapa, maadui wawili walikuwa wanafurahi benchi moja. Tulikuwa tumeshinda wote. Nyumba tu ndiyo ilikuwa moja. Jaji akafungua karatasi ya pili. Kwa kuwa kugawana kumeondoka, alisema, korti imebidi iamue mwenyewe ni nani. Ardhi na kuta ni za Konsoleta. Zakaria, aliyenunua bila kujua, ana haki ya kulipwa alichoongeza, na kama mwenye nyumba hataki kukilipia, achukue alichoongeza aende nacho. "Mama, utamlipia?" Metre alimvuta shangazi, akamnong'oneza kwamba akubali, watapanga, walipe polepole. Hiyo aliisema kwa Kiswahili, hata mimi niliielewa. Shangazi akautoa mkono wake. "Sinunui nyumba yangu," alisema. "Achukue chake. Hata kucha yake asiache."

Kwa hiyo alichukua. Alikuja na wapwa zake wanne asubuhi, na ngazi, na nyundo za kung'olea misumari. Mbele ya kilima chote walianza na mabati, kwa sababu babu yangu aliacha nyumba ya nyasi na mabati aliyaezeka Zakaria. Bati moja, bati la pili, yanashushwa kwa kamba, yanapangwa kwenye mkokoteni. Wakang'oa mbao za dari. Wakang'oa fremu za madirisha. Wakang'oa milango, na ule ambao shangazi aliukalia mwaka mzima. Shangazi alisimama uani, mikono kiunoni, anawasimamia kama fundi mkuu. "Na ule msumari pale juu ya ukuta? Kijana, umeusahau. Chukua." Akawaonyesha sementi. "Si ulisema uliitia wewe? Mbona inabaki?" Zakaria jasho linamtoka, akaagiza sululu, na wakaivunja sebule yote, mstari ukaondoka vipande vipande ndani ya toroli. Mama Beya alikuwa juu ya mkokoteni tayari, amekaa juu ya magunia yake, hakutuangalia. Nilitaka kumuaga. Nilifika mpaka kwenye gurudumu, nikasema, "Mama Beya." Akasema, "Kwenda zako, Jene." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu amechoka, na mkokoteni ukaondoka.

Mvua haikungoja hata wafike barabarani. Majirani walikuwa wamejaa uani wakaanza kukimbia, wengine wanacheka, mama mmoja akaniita tuje kwake, chakula kipo, kitanda kipo. Nikamfuata shangazi ndani, kama pale paliitwa ndani. Kuta za vyumba vitano na mbingu juu, matope yameshaanza kupanda, godoro langu linakunywa maji. Yeye alikuwa amefungua mwavuli, amebeba kiti. Aliingia kile chumba cha kwanza cha kina Zakaria, ambacho hakuwahi kukikanyaga tangu turudi, akaweka kiti katikati, akakaa. Akatazama ukuta huu, akatazama ule. Halafu akainuka, akabeba kiti, akaingia cha pili, akakaa na hapo. Mi nimesimama kwenye tundu la mlango, nywele nilizosuka wiki nzima zinanichuruzikia machoni, nikamwambia, "Shangazi, twende kwa jirani, tutaumwa." Akaniangalia kutoka chini ya mwavuli kama mtu aliyesikia upuuzi.

"Niende kulala kwa watu," akasema, "na nina nyumba?"